Maria Montessori: Maisha Yake, na Deni Letu kwa Watoto Waliomfundisha

Kila mwanachuo anayepita katika chuo cha ualimu hulisikia jina la Maria Montessori mapema. Huelezwa kwamba alikuwa mama wa Kiitalia aliyebuni zana za kufundishia watoto wadogo, naye huyaandika hayo katika daftari, huyarudia katika mtihani, kisha huendelea na mambo mengine. Jambo lisilosemwa mara nyingi ni kwamba mbinu zile hazikuzaliwa katika chekechea. Zilizaliwa katika nyumba za wagonjwa wa akili mjini Roma, miongoni mwa watoto ambao hapakuwa na shule iliyowataka. Tumekusudia kuyasimulia maisha yake kwa upande huo, kwa kuwa baadhi yenu mtapangiwa shule za Kilwa, Lindi na vijiji vya mwambao huu wa kusini, na huko hamtakosa kukutana na watoto wa namna ile ile.

UTOTO NA MASOMO YAKE

Maria alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, jimbo la Ancona, nchini Italia. Baba yake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali katika mambo ya fedha. Mama yake, Renilde, alikuwa mpenzi wa vitabu, naye alitamani bintiye asome kadiri awezavyo. Mwaka 1875 familia ilihamia Roma, na huko ndiko Maria alikokulia.

Alipofika umri wa miaka 13 aliingia shule ya ufundi, mahali palipohesabiwa kuwa pa wavulana. Alitaka kuwa mhandisi. Baadaye akaliacha wazo hilo akachagua udaktari, ingawa baba yake hakuridhika. Mwaka 1890 alijiunga na Chuo Kikuu cha Roma, kwanza katika masomo ya sayansi, na mwaka 1893 akaingia katika masomo ya tiba. Kwa kuwa haikuonekana kuwa adabu kwa mwanamke kuutazama mwili wa maiti mbele ya wanaume, alilazimika kufanya kazi ya upasuaji wa maiti peke yake, baada ya wenzake kuondoka. Alistahimili. Mwaka 1896 alihitimu, akawa mmoja wa madaktari wa kwanza wanawake katika nchi yake.

Yafaa tukumbuke kwamba katika mwaka huo huo wa 1896, hapa kwetu, wamisionari wa Kijerumani walianzisha makao huko Lutindi, katika milima ya Usambara, kwa ajili ya watoto yatima waliookolewa utumwani. Biashara hiyo ya watumwa ndiyo iliyokuwa imeitajirisha Kilwa Kivinje katika karne ya 19. Baadaye Lutindi ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Hivyo Roma na Usambara, pasipo kujuana, zilikabiliwa na swali moja: afanyweje mtu ambaye jamii haijui imweke wapi?

WATOTO WA WODINI

Mwaka 1897 Daktari Montessori alianza kazi ya kujitolea katika kliniki ya magonjwa ya akili ya Chuo Kikuu cha Roma. Kazi hiyo ilimpeleka katika nyumba za wagonjwa wa akili za mji huo, na huko aliwakuta watoto waliochanganywa na watu wazima wenye wazimu. Wengine walikuwa hawasemi, wengine walikuwa na kifafa, wengine walikuwa wazito wa kujifunza, na wengine walikuwa na tabia ambazo hakuna aliyezielewa. Wote waliitwa kwa jina moja, kwamba ni wapungufu wa akili, na wote walitendewa kwa namna moja, yaani kulishwa na kufungiwa.

Husimuliwa kwamba katika nyumba mojawapo mtumishi alimlalamikia kuwa watoto wale walikuwa walafi, kwa sababu kila walipomaliza kula walijitupa sakafuni kuokota makombo ya mkate. Daktari Montessori alikitazama chumba kile. Hapakuwa na kitu chochote humo, wala cha kushika wala cha kuchezea. Akatambua kwamba watoto hawakuwa wakitafuta chakula. Walikuwa wakitafuta kitu cha kushika mikononi, kwa maana akili ya mtoto hufanya kazi kwa kupitia vidole vyake, na vidole vile vilikuwa vimenyimwa kazi.

Hapo ndipo alipoanza kutafuta maandishi ya waliomtangulia. Alimsoma Jean Itard, daktari wa Kifaransa ambaye kuanzia mwaka 1801 alijaribu kumfundisha Victor, mvulana aliyeokotwa katika misitu ya Aveyron akiwa hasemi. Wataalamu kadhaa wa siku hizi hudhani kwamba huenda Victor alikuwa na usonji. Kisha alimsoma Édouard Séguin, mwanafunzi wa Itard, aliyewafundisha watoto wenye ulemavu wa akili mjini Paris na baadaye Marekani, ambako alifariki mwaka 1880. Montessori aliyanakili maandishi yao kwa mkono wake mwenyewe, akiyafasiri kwa Kiitalia, ili apate muda wa kulipima kila neno. Mwaka 1898, katika mkutano wa walimu mjini Torino, alieleza hadharani kwamba hali ya watoto hawa ni jambo la elimu zaidi kuliko la dawa. Yaliyotoka kinywani mwa daktari yalikuwa wito kwa walimu.

SHULE YA MWAKA 1900

Mwaka 1900 ilifunguliwa Roma shule ya kuwaandaa walimu wa watoto hao, naye akaiongoza pamoja na daktari mwenzake, Giuseppe Montesano. Walimu 64 walijiandikisha katika kundi la kwanza, na shule ya mazoezi ilianza na watoto 22. Kwa miaka miwili Montessori alifanya kazi ya ualimu kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni. Alikaa na watoto, akabuni zana za mbao za kupanga kwa ukubwa na kwa rangi, na fremu za kujifunzia kufunga vifungo na kamba. Alitengeneza pia herufi ambazo mtoto aliweza kuzipapasa kabla hajaweza kuziandika. Usiku aliyaandika aliyoyaona mchana. Miaka hiyo miwili aliihesabu kuwa ndiyo shahada yake ya kwanza ya ualimu.

Baadhi ya watoto wake walijua kusoma na kuandika, wakafanya mtihani wa shule za umma pamoja na watoto wengine, wakafaulu. Watu walistaajabu. Yeye alistaajabia jambo jingine: watoto wa kawaida walikuwa wamezuiliwa na nini katika madarasa yao hata wakawa sawa na watoto waliotolewa wodini? Swali hilo lilimwondoa pale. Mwaka 1901 aliiacha shule ile akarudi kusoma, akiwa na nia ya kuwafikia watoto wote.

Hatuna budi kusema pia kwamba mwaka 1898 alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Mario, aliyezaa na Montesano bila ya ndoa. Kwa desturi za zama zile jambo hilo lingekomesha kazi yake mara moja. Mtoto akapelekwa kulelewa shamba, na mama akawa anamtembelea tu. Mario hakuishi na mama yake mpaka alipokuwa kijana wa miaka kama 15. Baadaye alikuwa msaidizi wake mkuu hadi mwisho. Hatusimulii haya kwa kumsengenya marehemu. Twayataja ili tukumbuke kwamba mwanamke aliyewatetea watoto waliofichwa, yeye mwenyewe alilazimishwa na jamii kumficha wake.

KUTOKA SAN LORENZO HADI MADRAS

Tarehe 6 Januari 1907 alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma. Watoto kama 50 wa wafanyakazi walikuwa wakishinda bila ya uangalizi wakati wazazi wao wakiwa kazini. Aliwapelekea zana zile zile alizozitumia kwa watoto wa wodini. Watoto wakazama katika kazi, wakarudia zoezi moja mara nyingi bila ya kulazimishwa, na hatimaye wakaanza kuandika. Habari zikaenea. Kitabu chake juu ya mbinu hizo kilitoka mwaka 1909, na mwaka 1912 kikafasiriwa kwa Kiingereza. Shule zikafunguliwa Ulaya na Marekani.

Si kila aliloamua lilikuwa jema. Mwaka 1924 alikubali msaada wa serikali ya Mussolini kwa shule zake, na uhusiano huo ulidumu mpaka ulipovunjika mwaka 1934. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimtoa Hispania mwaka 1936, akahamia Uholanzi. Mwaka 1939 alikwenda Madras, India, kufundisha walimu. Italia ilipoingia vitani mwaka 1940 Waingereza walimhesabu kuwa raia wa nchi adui, nao wakamweka Mario kizuizini, kisha wakamwachia siku mama yake alipotimiza miaka 70. Walibaki India hadi mwaka 1946, wakafundisha walimu zaidi ya 1,000.

Maria Montessori alifariki tarehe 6 Mei 1952 huko Noordwijk aan Zee, mji wa pwani nchini Uholanzi, akiwa na umri wa miaka 81. Siku ile alikuwa akizungumzia safari ya kwenda Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, kufundisha walimu wa Kiafrika. Hakujaliwa kufika. Mbinu zake zilifika baadaye, na hata huku kusini kwetu mafunzo ya ualimu wa Montessori yamewahi kutolewa Mtwara.

Lakini tukitazama ni nani walionufaika na mbinu hizo, twaona jambo la kuhuzunisha. Duniani kote shule nyingi zenye jina lake zimekuwa shule za wenye uwezo, na watoto waliozizaa mbinu zile wameachwa mlangoni. Wapo waliokumbuka. Mjini München, Ujerumani, kuanzia mwaka 1968 watoto wenye ulemavu na wasio na ulemavu walifundishwa pamoja kwa mbinu hizi. Hata hivyo deni bado ni kubwa, na sehemu ya deni hilo ni letu.

JINA AMBALO HAKULIKUTA WODINI

Mwaka 1897 hapakuwa na neno la usonji. Daktari Grunya Sukhareva wa Urusi aliwaeleza watoto wa namna hii katika miaka ya 1920. Leo Kanner, aliyefanya kazi Marekani, aliandika juu yao mwaka 1943, na Hans Asperger wa Vienna mwaka 1944. Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, inayoanza mapema sana katika maisha. Mtoto mwenye usonji huona shida katika mawasiliano na katika kuchangamana na wenzake. Hupenda mambo yafuate utaratibu ule ule, hurudia matendo fulani, na huenda akasumbuliwa mno na sauti, mwanga au mguso. Wengine hawasemi kabisa. Wengine husema sana, lakini juu ya jambo moja tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji.

Hapa pwani mtoto wa namna hii huenda akasemwa kuwa amepagawa na shetani au amerogwa. Wazazi humpeleka kwa mganga, hufungiwa hirizi, hunyweshwa kombe. Mwalimu mgeni asiwadharau wazazi hao, kwa maana wamefanya walichokijua, tena kwa gharama na kwa mapenzi. Ubaya zaidi ni lawama anazotwikwa mama, watu wakitumia methali isemayo kwamba mtoto hukua jinsi alelewavyo. Wala lawama hiyo si ya Waswahili peke yao: huko Ulaya na Marekani nako madaktari walidai kwa miaka mingi kwamba usonji huletwa na ubaridi wa wazazi, mpaka utafiti ukaonyesha kuwa si kweli. Usonji hautokani na malezi mabaya, wala chanjo, wala laana. Urithi una sehemu kubwa ndani yake. Dawa ya kuuondoa haipo, ila mafundisho yafaayo huweza kuyabadili maisha ya mtoto.

MAFUNZO KWA MWALIMU WA DARASA LA KWANZA

La kwanza ni kutazama. Mtumishi wa Roma aliona ulafi na Montessori akaona njaa ya mikono, ilhali wote wawili waliwatazama watoto wale wale. Kabla hujamwita mtoto mtukutu au mjinga, andika katika daftari kwa siku tano kile anachokifanya, si kile unachokidhani: ameitikia jina lake au hakuitikia, ameziba masikio wakati gani, ameshika nini, na kwa muda gani.

La pili ni zana. Hatuhitaji zana za kiwandani. Vifuu vya nazi hupangwa kwa ukubwa. Simbi na kauri za ufukweni huchambuliwa kwa umbo. Ukindu uliotiwa rangi kwa ajili ya mikeka hufundisha rangi. Mchanga laini wa pwani ukigandishwa kwa gundi juu ya kipande cha boksi hutoa herufi ya kupapasa, na bao la mchanga hutosha kuandikia kwa kidole. Jambo la kuzingatia ni kwamba kila zana ifundishe jambo moja tu. Vifuu vya kufundishia ukubwa visitofautiane pia kwa rangi.

La tatu ni somo la hatua tatu, ambalo Montessori alilirithi kwa Séguin. Katika hatua ya kwanza mwalimu huweka vitu viwili na kuvitaja majina kwa ufupi: hiki ni kikubwa, hiki ni kidogo. Katika hatua ya pili humtaka mtoto ampe kikubwa, au aoneshe kidogo. Katika hatua ya tatu humwuliza hiki ni nini. Walimu wengi hukimbilia hatua ya tatu, na mtoto asiyesema huhesabiwa kuwa hajui. Kumbe aliyetoa kifuu kilicho sahihi amekwisha kujibu. Kwa mtoto wa namna hii simama katika hatua ya pili hata muhula mzima ikibidi, na umpe alama anayostahili. Akikosea usimkaripie, acha somo, ulirudie siku nyingine.

La nne ni utaratibu. Chora picha za kazi za siku, uzipange ukutani kwa mfululizo: kuimba, kuhesabu, mapumziko, kuandika, kwenda nyumbani. Mabadiliko yasiyotangazwa, ambayo kwa wengine ni kichekesho, kwake yaweza kuwa kitisho. Mweke mbali na mlango wenye kelele, na umpe mwenzake mpole wa kukaa naye.

La tano ni kujua mipaka yetu. Mwalimu hapimi ugonjwa. Zungumza na wazazi faraghani, uanze na yale mtoto anayoyaweza, kisha uwashauri waende kituo cha afya. Wilayani Kilwa ipo Hospitali ya Kinyonga huko Kivinje, na mkoani ipo Hospitali ya Sokoine mjini Lindi, ambako huweza kupewa rufaa ya Muhimbili. Kwanza apimwe masikio, kwa maana mtoto asiyeitikia huenda ni kiziwi. Akiwa na kifafa atibiwe. Lakini safari ya Dar es Salaam ni ndefu na nauli ni nzito. Mtoto asingojee darasani bila ya kazi hadi cheti cha daktari kipatikane. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imempa haki ya elimu, na haki hiyo haikusubirishwa kwa cheti.

KOSA LETU WENYEWE

Tungekuwa wanafiki kama tungeishia hapo. Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kijiji cha pwani. Mwanachuo alikuwa akifundisha kuhesabu kwa vifuniko vya soda darasa lenye watoto wapatao 80. Mvulana mmoja, ambaye tuliambiwa kuwa hasemi, alivichukua vifuniko vya wenzake akaanza kuvipanga sakafuni. Wenzake wakapiga kelele, naye akaziba masikio akalia. Mwanachuo alitutazama. Sisi, wakufunzi wenye stashahada, tulimwashiria amtoe nje ili somo liendelee. Alimtoa. Somo liliendelea vizuri, nasi tukampa alama nzuri ya udhibiti wa darasa.

Tulipotoka tulimkuta mtoto yule chini ya mwembe. Alikuwa na vifuniko vichache vilivyobaki mkononi, navyo alikuwa amevipanga mstari mmoja ulionyooka, vya rangi moja upande mmoja na vya rangi nyingine upande wa pili. Hakuna aliyekuwa amemfundisha. Mmoja wetu alivikusanya vifuniko akavirudisha darasani, kwa sababu vilikuwa mali ya somo. Tulipanda gari tukaondoka.

Tulikuwa tumekwisha kufundisha habari za Montessori mara nyingi kabla ya siku ile, pamoja na kisa cha makombo ya mkate. Tulikijua kwa moyo, na bado tulifanya kama yule mtumishi wa Roma. Kujua maisha ya mtu mashuhuri, basi, hakumfanyi mwalimu kuwa mwalimu. Tangu siku ile tumeongeza swali moja katika ukaguzi wetu: ni mtoto yupi aliyetolewa au aliyesahaulika katika somo hili, naye alikuwa akifanya nini?

Ndugu mwanachuo, utakapokwenda mazoezini tunakuomba ujiulize swali hilo kabla hatujakuuliza sisi. Na ikiwa mkaguzi atakuashiria umtoe mtoto nje, kama tulivyofanya sisi, mpe mtoto vifuniko vyake, mketishe karibu na meza yako, kisha uendelee na somo. Alama utakazopungukiwa siku hiyo hazitakuwa hasara.